Mti na Sauti: Nafasi ya Mpingo katika Historia ya Filimbi za Mbao

UTANGULIZI

Miongoni mwa mafundi wanaotengeneza filimbi na ala nyingine za kupulizwa, imani moja imedumu vizazi hata vizazi, nayo ni kwamba sauti ya ala hutoka katika mti wake. Mti mgumu, husemwa, hutoa sauti kali inayofika mbali, na mti mwepesi hutoa sauti ya upole. Wataalamu wa fizikia wa karne ya 20 walipoipima imani hiyo katika maabara, walifikia uamuzi ambao wapulizaji wengi hawakuupokea kwa furaha. Waliona kwamba kinacholia ndani ya filimbi ni hewa, wala si mti.

Makala haya yanakusudia kuichunguza tofauti hiyo kwa njia ya historia. Mti utakaotumiwa kama mfano ni mpingo, ambao kwa zaidi ya miaka mia moja umetoka katika misitu ya Afrika Mashariki na Msumbiji kwenda katika karakana za Ulaya ili kukerezwa kuwa klarineti, oboi na zumari za mfuko za Uskoti. Itaonyeshwa kwamba fundi na mtaalamu wa fizikia hawapingani kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kila mmoja hujibu swali lake. Aidha, itaonyeshwa kwamba jibu la swali hili lina uzito kwa watu wanaoishi na mti wenyewe, na kwamba lugha, hususan majina ya ala na ya miti, ina ushahidi wake wa kutoa katika jambo hili.

MAJINA YA ALA

Yafaa kuanza na majina. Katika Kiswahili, neno filimbi lina uwanja mpana. Humaanisha kipenga cha mwamuzi wa mpira, na pia ala yenye vitobo ambayo hupulizwa ili kutoa wimbo. Neno halisemi chochote juu ya kitu kilichotumiwa kuitengeneza. Filimbi ya mwanzi, ya mti, ya bati na ya plastiki zote ni filimbi. Zumari vile vile. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi z-m-r wenye maana ya kupuliza, na Mswahili akilitaja huwa anataja ala yenye ulimi wa jani, wala haulizi mwili wake ni wa mti gani. Ni nai peke yake, ala ijulikanayo katika taarabu, ambayo jina lake linabeba habari ya asili yake, kwa kuwa katika Kiajemi neno hilo lilimaanisha tete au mwanzi. Hata hivyo maana hiyo haimfikii tena msikilizaji wa Kiswahili.

Lugha za Ulaya zilifuata njia nyingine. Kiingereza na Kijerumani huziweka filimbi, oboi na klarineti katika kundi moja linaloitwa kwa jina la mbao. Mazoea hayo yameshika kiasi kwamba filimbi ya okestra iliyotengenezwa kwa fedha tupu, na hata saksofoni ya shaba, huhesabiwa kuwa ala za mbao. Hapa jina limeishi kupita hali iliyolizaa. Erich von Hornbostel na Curt Sachs walipotoa utaratibu wao wa kuainisha ala za muziki mwaka 1914, waliliacha jambo la mti na madini, wakauliza swali jingine: ni kitu gani kinachotikisika hata sauti ikatokea? Kwa filimbi zote jibu lilikuwa hewa. Ni dhahiri kwamba kwa jambo hili msamiati wa Kiswahili, ambao huitaja ala kwa namna ya kupulizwa kwake, uko karibu zaidi na uamuzi huo wa kitaalamu kuliko msamiati wa okestra za Ulaya.

JINA LA MPINGO

Mpingo, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Dalbergia melanoxylon, ni mti wa jamii ya kunde. Si mti mkubwa. Mara nyingi huota ukiwa na mashina kadhaa yaliyopindapinda, na ukuaji wake ni wa polepole sana. Hukadiriwa kwamba huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene unaofaa kutengenezea ala. Nje una tabaka nyembamba ya rangi ya manjano hafifu, na ndani una kiini kizito chenye weusi wa zambarau. Kiini hicho kikitiwa majini huzama.

Jina lenyewe ni la Kibantu. Kikamba huuita mti huo muvingo, na ulinganifu wa p ya Kiswahili na v ya Kikamba ni wa kawaida, kama uonekanavyo katika vitenzi pita na vĩta. Hivyo mti huu haukuhitaji jina la kuazimwa. Pamoja na hayo, Kiswahili kinalo pia neno abunusi, lililotoka katika Kiarabu, ambalo hutumika kwa mti mweusi wa thamani. Kamusi za Kiswahili na Kiingereza zimezoea kuyafasiri maneno yote mawili kwa neno moja la Kiingereza, ijapokuwa kwa wataalamu wa mimea neno hilo ni la miti ya Diospyros, ambayo si ya jamii moja na mpingo.

Historia ya neno hilo ni ya ajabu kidogo. Abunusi ya Kiarabu na ebenos ya Kiyunani huaminiwa kuwa zina chanzo kimoja katika neno la Misri ya kale ambalo konsonanti zake ni hbny. Wataalamu waliochunguza mbao nyeusi za vyombo vya makaburi ya Misri, mbao zilizoletwa kutoka nchi za kusini, wamezitambua nyingi kuwa ni Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo wenyewe. Kwa hiyo jina lililokuwa la mpingo hapo kale lilihamia kwa miti mingine katika safari yake kupitia Kiyunani na Kilatini, kisha mpingo ukaanza kuhesabiwa kuwa abunusi ya bandia.

Wafanyabiashara wa mbao nao waliongeza majina yao. Mpingo uliuzwa kama abunusi ya Msumbiji na abunusi ya Senegal, na katika karakana za ala ukapewa jina la grenadilla. Jina hili la mwisho linastahili kuangaliwa, kwa sababu majina yaliyo karibu nalo yalikuwa yakitumika kwa miti ya Amerika, ukiwamo mti wa Brya ebenus wa visiwa vya Cuba na Jamaica. Mti mmoja ulirithi jina la mwingine kwa kuwa uliirithi kazi yake, na urithi huo ndio kiini cha historia inayofuata.

KUTOKA BUXUS HADI MPINGO

Kwa muda mrefu, mti uliotukuzwa na mafundi wa Ulaya haukuwa mweusi wala haukutoka mbali. Ulikuwa Buxus sempervirens, mti mdogo wa rangi ya manjano unaoota Ulaya kwenyewe. Rekoda, filimbi za ubavu na oboi nyingi za karne ya 17 na ya 18 zilikerezwa kwa mti huo. Hata klarineti, ambayo kubuniwa kwake mnamo mwaka 1700 kunanasibishwa na Johann Christoph Denner wa Nürnberg, ilianza maisha yake katika mti wa Buxus. Mti huo hukerezeka vizuri na hukubali umbo lolote, lakini una kasoro moja: ukipata unyevu wa pumzi hupinda. Ala nyingi za zamani zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho zimepinda kama upinde.

Katika karne ya 19 ala zilibadilika. Theobald Boehm wa München alitoa filimbi ya mtindo mpya mwaka 1832, na mwaka 1847 akatoa nyingine yenye tundu la mviringo ulio sawa, iliyotengenezwa kwa madini. Huko Paris, Hyacinthe Klosé na Louis-Auguste Buffet walionyesha klarineti ya mtindo mpya mwaka 1839 na kupata hataza mwaka 1844. Vitobo viliongezeka, na vifuniko vyake vikawa vinashikiliwa na nguzo ndogo za madini zilizopigwa parafujo katika mti. Mti ukipinda hata kwa kiasi kidogo, vifuniko havizibi tena na ala haitoi sauti. Kwa hiyo ulihitajika mti usiopinda na wenye kuishika parafujo bila kulegea.

Mahitaji hayo yalikutana na bandari za dola za Ulaya, ambako meli zilishusha mbao za nchi za joto. Kwa filimbi za Uingereza mti uliopendwa ulikuwa Brya ebenus, na watengenezaji wa London kama Rudall na Rose waliutumia sana. Mti huo ulipoadimika, mpingo ulichukua mahali pake. Huko Uskoti pia mafundi wa zumari za mfuko, ambao awali walitumia miti ya kwao, walipitia miti ya kigeni ya namna mbalimbali hadi wakatulia katika mpingo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba sifa zilifuata biashara. Buxus ulipokuwa ukipatikana, utamu wa sauti yake ulionekana kuwa hauna kifani. Brya ulipoingia, sifa hiyo ikahamia kwake. Mpingo ulipoenea, wapulizaji wakasema kwamba hakuna mti mwingine wenye sauti kama yake. Laiti sauti ingekuwa imo ndani ya mti mmoja tu, isingeweza kuhama kwa wepesi huo kutoka mti hadi mti.

USHAHIDI WA MAABARA

Boehm mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871, alishikilia kwamba ugumu wa kitu kilichotumiwa una athari kubwa juu ya sifa ya sauti. Mwaka 1909, Dayton Miller wa Marekani alichapisha majaribio yaliyoelekea kumwunga mkono. Alitumia mabomba ya kinanda cha kanisani, mojawapo likiwa la bati la zinki lenye kuta mbili, akawa akijaza maji kati ya kuta hizo. Maji yalivyopanda, sauti ilibadilika. Hata hivyo kuta za bomba hilo zilikuwa nyembamba na bapa, na kuta za namna hiyo hutikisika kwa urahisi mkubwa kuliko kuta nene za mviringo zilizo katika klarineti au filimbi ya mti.

Mwaka 1964, John Backus alitoa matokeo ya vipimo vyake juu ya klarineti. Alipima mtikisiko wa kuta zake pamoja na sauti itokayo katika kuta hizo, akaona kwamba ni ndogo mno kuweza kuathiri kile asikiacho msikilizaji. Mwaka 1971, John Coltman alitengeneza filimbi tatu zisizo na vifuniko, moja ya fedha nyembamba, moja ya shaba nene, na moja ya mti. Vipimo vya ndani vya zote vilikuwa sawa, na sehemu za kupulizia zilifanana. Wasikilizaji hawakuweza kuzitambua kwa masikio. Hata wapulizaji wenyewe, walipozuiwa kujua ni ipi waliyoshika, hawakuweza kuzitofautisha.

Maana ya matokeo hayo ni rahisi kueleza. Ndani ya filimbi kuna safu ya hewa. Pumzi ikigonga ukingo wa kitobo cha kupulizia, au ikitikisa ulimi wa tete, safu hiyo hutikisika, na urefu wake ndio unaoamua kima cha sauti. Kazi ya ukuta ni kuizuilia hewa hiyo umbo lake. Ukuta ulio mnene na mgumu wa kutosha hausemi neno.

KAZI HALISI YA MTI

Je, yafuata kwamba fundi amekuwa akijidanganya miaka yote hiyo? La. Majaribio ya Coltman yalikuwa na sharti moja kubwa, kwamba vipimo vya ndani viwe sawa sawa. Katika karakana, sharti hilo ndilo gumu kuliko yote, na hapo ndipo mti unaporudi kuwa na neno.

Kwanza, mti huathiri ulaini wa tundu. Mti wenye vinyweleo vikubwa huacha ukuta wa kukwaruza, na hewa inayotikisika hupoteza nguvu kwa msuguano. Mpingo una chembe zilizosongamana na mafuta ya asili, na hukubali kung'arishwa hadi ukawa kama kioo. Pili, mti huathiri kingo za vitobo. Arthur Benade, ambaye kitabu chake juu ya sayansi ya sauti za muziki kilitoka mwaka 1976, alisisitiza kwamba ukali au uviringo wa kingo hizo hubadilisha mwitikio wa ala kwa namna inayosikika. Mti laini hauwezi kuushika ukingo mkali kwa muda mrefu, mpingo huweza. Tatu, mti huathiri uthabiti wa vipimo. Filimbi hupulizwa kwa pumzi yenye joto na unyevu, kisha huachwa ikauke. Mti unaovimba na kusinyaa hubadilisha tundu lake, na tundu likibadilika sauti hubadilika pia.

Hii ndiyo sababu kazi ya mpingo ni kazi ya subira. Vipande hukatwa, ncha zake hupakwa nta ili visikauke kwa haraka na kupasuka, kisha huachwa muda mrefu. Hutobolewa tundu dogo kwanza, vikaachwa tena vitulie, ndipo tundu likapanuliwa hadi kipimo chake cha mwisho. Fundi anaposema kwamba mpingo una sauti nzuri, anayoyasema ni matokeo ya kazi yote hii. Maelezo yake juu ya sababu huenda yasiwe sahihi, lakini aliyoyashuhudia kwa mikono yake ni ya kweli: mti huu humwezesha kulitengeneza umbo alilolikusudia, nao hulihifadhi.

MTI NA WENYEWE

Mjadala huu ungeweza kuachiwa wanamuziki na wanasayansi lau mpingo ungekuwa mwingi. Lakini ni sehemu ndogo tu ya kila mti unaokatwa inayofaa kutengenezea ala, kwa sababu ya mipindo, nyufa na uozo uliofichika ndani. Jenasi nzima ya Dalbergia iliwekwa chini ya Mkataba wa CITES, katika Kiambatisho cha Pili, kuanzia Januari 2017, na mwaka 2019 iliamuliwa kwamba ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zisihitaji vibali hivyo. Watengenezaji nao walianza kutafuta njia. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa imekuwa ikitengeneza klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi, hivyo kutumia mabaki ambayo zamani yalitupwa.

Kenya ina mfano wake katika uchongaji wa vinyago. Wachongaji wa Kikamba waliutumia sana mpingo, na ulipokuwa haba, wengi wao walilazimika kubadili. Katika miaka ya 1990 wachongaji wa Pwani walihimizwa kutumia mwarobaini na miti mingine ya kupandwa. Uchongaji haukufa. Ustadi ulikuwa mkononi na jichoni mwa mchongaji kabla ya kuwa mtini.

Walakini mfano huo usichukuliwe bila hadhari. Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yake. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya ya Kilwa, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Kwa wanakijiji wa namna hiyo, bei ya mpingo ndiyo sababu ya kuulinda msitu usigeuzwe kuwa mashamba au mkaa. Ikiwa kauli kwamba mti hauna athari itapokewa bila ufafanuzi, na wapulizaji wote wakageukia plastiki, mpingo hautaokoka kwa hilo. Huenda ukapotea kwa kukosa mtu wa kuuthamini. Kwa upande wa pili, ikiwa itashikiliwa kwamba bila mpingo hakuna sauti, mti huu utafuata njia ya Brya, ukatwe hadi uadimike, kisha sifa zihamie kwa mti mwingine wa nchi nyingine.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba imani ya kuwa sauti hutoka mtini ilizaliwa na kazi ya mikono, ikakuzwa na biashara, na ikahifadhiwa na majina. Maabara imeonyesha kwamba hewa ndiyo inayolia. Karakana imeonyesha kwamba hewa hiyo haiwezi kulia vizuri pasipo umbo sahihi, na kwamba si kila mti unaoweza kulihifadhi umbo hilo. Kauli hizi mbili zaweza kukaa pamoja, mradi kila moja ibaki katika mpaka wake.

Kwa wanaoshughulika na lugha, suala hili lina fundisho la ziada. Mti ulioitwa hbny, abunusi na grenadilla umekuwa na jina lake wakati wote katika vinywa vya wanaoishi nao, na hilo ndilo jina ambalo kamusi zimelitendea haba kwa kulifasiri kwa jina la mti mwingine. Kulisahihisha fasili ya mpingo katika kamusi ni kazi ndogo. Hata hivyo, mpulizaji wa klarineti atakayejua kwamba ameshika mpingo wa Kilwa, wala si grenadilla isiyo na kwao, atakuwa na sababu ya kuuliza mti huo ulikatwaje, na nani aliyelipwa.